Hita isiyo na themostati: wino unaojipunguzia umeme wenyewe

Hita ya waya haijui kama imefunikwa. Waya wa ukinzani ulioshonwa ndani ya kiti cha gari au blanketi ya umeme hutoa joto karibu lilelile, iwe hewa inapita juu yake au mtu ameutupia mto mzito. Joto likikosa pa kutokea hujilimbikiza, na sehemu iliyofunikwa huzidi kupanda hadi kitu kiungue, kiyeyuke au kikatike. Ndiyo maana hita za namna hiyo huwekewa themostati, yaani swichi inayokata umeme joto likizidi, na mara nyingi fyuzi ya joto pia endapo themostati itashindwa. Lakini themostati hupima pale ilipo tu. Ikiwa imewekwa kona ya kushoto, na kona ya kulia ndiyo iliyokunjwa na kulaliwa, itaona mambo ni shwari huku upande wa pili unababuka.

Wino unaojidhibiti ulibuniwa kwa ajili ya tatizo hilohilo. Ni wino kweli: majimaji mazito meusi yanayochapwa juu ya plastiki nyembamba, yakakaushwa na kubaki utando unaopitisha umeme. Umeme ukipita, utando hupata moto. Ukifikia halijoto fulani, utando wenyewe huanza kuubana umeme. Hakuna kihisi, hakuna swichi, hakuna programu ya kompyuta. Zaidi ya yote, kila kipande cha utando hufanya hivyo kivyake, bila kungoja habari kutoka kipande kingine. Kona iliyofunikwa hupunguza joto lake, na kona iliyo wazi huendelea na kazi.

Naipenda teknolojia hii kwa dhati. Hata hivyo sifa ya kujidhibiti haimo ndani ya wino peke yake. Inategemea pia jinsi umeme ulivyoelekezwa kupita ndani ya wino huo, na mchoro ukikosewa, wino uleule unaweza kutengeneza hatari ileile uliyoletwa kuizuia.

Tuanze na hesabu ndogo. Hita nyingi za aina hii hupewa volteji isiyobadilika, kwa mfano volti 12 za betri ya gari dogo au volti 24 za lori. Hapo nguvu inayogeuka joto ni volteji mara volteji, ukagawanya kwa ukinzani, yaani kiasi ambacho kitu huzuia umeme, kinachopimwa kwa omu. Ukinzani ukiongezeka, joto hupungua. Tuseme hita ina omu 6 ikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi: kwa volti 12 itatoa wati 24. Kama ni ya shaba, ukinzani wake huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja, hivyo ikifika nyuzi 80 itakuwa na omu 7.4 na itaendelea kutoa zaidi ya wati 19. Imepungua, lakini si kwa kiasi cha kuzuia moto. Sasa tuseme ni hita ya wino ambao ukinzani wake, katika mwendo huohuo wa halijoto, umepanda hadi omu 30. Nguvu inashuka hadi wati 4.8. Mahali fulani katika mwendo huo, joto linalotolewa hulingana na joto linalopotea kwenda hewani, na hita hutulia hapo yenyewe.

Katika wino mzuri ukinzani haupandi kwa mwendo mmoja. Kutoka kwenye baridi hupanda polepole, kisha karibu na halijoto iliyokusudiwa mstari wa grafu hujikunja na kupaa. Plastiki nene iliyochanganywa na kaboni inaweza kuongeza ukinzani mara maelfu ndani ya nyuzi chache. Wino uliochapwa, ambao ni utando mwembamba sana, kwa kawaida haufiki huko, lakini hita haihitaji maelfu. Mara tano tu, kama mfano wetu unavyoonyesha, ni tofauti kati ya kifaa kinachopashwa na kifaa kinachoungua.

Kupaa huko kunatoka wapi? Weusi wa wino ni masizi yanayotengenezwa kiwandani kwa kuchoma mafuta mazito kwenye hewa isiyotosha, masizi yaleyale yanayotia tairi rangi nyeusi. Chembe zake zina upana wa makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) na huwa zimegandana katika vishada vyenye matawi. Masizi hupitisha umeme. Polima, yaani plastiki inayoyashikilia, haipitishi. Ukichanganya masizi machache mno, vishada hubaki mbalimbali na mchanganyiko hauna njia ya umeme. Ukiendelea kuongeza, unafika kiwango ambapo ghafla vishada vinaunganika kutoka upande mmoja hadi mwingine na ukinzani unaporomoka. Wanahisabati wawili, Simon Broadbent na John Hammersley, waliiwekea hali ya namna hii msingi wa kinadharia mwaka 1957, wakichunguza jinsi majimaji yanavyopenya kwenye kitu chenye vinyweleo. Wino wa hita hutengenezwa ukiwa juu kidogo ya kiwango hicho: njia zipo, lakini hazina ziada kubwa.

Si lazima chembe ziguse. Elektroni zinaweza kuvuka mwanya wa nanomita chache kati ya kishada na kishada, kwa namna ambayo fizikia ya kwanta pekee ndiyo inayoieleza. Uwezekano wa kuvuka hupungua kwa kasi kubwa sana mwanya unapopanuka, kiasi kwamba badiliko dogo la umbali linakuwa badiliko kubwa la ukinzani. Hapo ndipo polima inapofanya kazi yake. Polima zinazochaguliwa, kama polietilini, ni nusu fuwele: sehemu ya minyororo yake ya molekuli imejipanga na kubanana kwa utaratibu, sehemu nyingine imevurugika. Masizi hayaingii ndani ya fuwele. Yamesukumwa kwenye sehemu zilizovurugika, na kwa kubanwa huko vishada vimesogeleana. Halijoto ikifika pale fuwele zinapoyeyuka, mambo mawili hutokea pamoja. Kwanza polima inatanuka. Polietilini ikiyeyuka kabisa, ujazo wake huongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Pili, nafasi iliyokuwa ya fuwele inafunguka, na masizi yaliyosongamana yanapata pa kutawanyikia. Ni kama safu ya watu walioshikana mikono juu ya ardhi inayopanuka chini ya miguu yao: hakuna aliyeondoka, lakini mikono inaachana mmoja baada ya mwingine. Wino ukipoa, fuwele hurudi, masizi husukumwa tena pamoja, na umeme hupata njia.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba halijoto ya kujizuia imeandikwa ndani ya kemia. Polietilini ya msongamano mdogo huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, ile ya msongamano mkubwa karibu na 130. Hizo ni juu mno kwa kitu kitakachokaa karibu na mwili au na betri, hivyo watengenezaji hutafuta polima zinazoyeyuka chini zaidi. Mchanganyiko wa etilini na vinili asetati unaweza kurekebishwa uyeyuke mahali tofauti kwa kubadilisha uwiano wa viambato viwili. Kadiri vinili asetati inavyoongezeka ndivyo halijoto inavyoshuka. Nta nazo hutumika, na baadhi ya poliesta. Mkemia akichagua polima ya kushikilia masizi, amechagua pia wapi hita itakoma, na hakuna mtumiaji wa baadaye atakayebofya kitufe kubadilisha uamuzi huo.

Wazo lenyewe si jipya. Huko Uingereza, E. Frydman aliomba hataza ya polietilini yenye masizi na tabia hii katika miaka ya 1940. Katika muongo wa 1950 watafiti wa kampuni ya Philips ya Uholanzi walionyesha tabia inayofanana kwenye keramiki ya bariumu titanati, ingawa kwa sababu tofauti kabisa: huko ukinzani hupaa kwenye mipaka ya punje za keramiki inapopita halijoto ambayo mpangilio wake wa ndani hubadilika. Keramiki hiyo hutumika sana hadi leo, ikiwemo kwenye hita za chumba cha abiria cha magari ya umeme, lakini ni ngumu na haikunjwi. Miaka ya 1970 kampuni ya Raychem ya Marekani ilianza kuuza nyaya za plastiki na masizi za kuzuia mabomba yasigande kwa baridi. Ukizikata popote, kila kipande kinaendelea kujidhibiti. Fyuzi zinazojirudisha zenyewe, zile zinazolinda soketi za USB na pakiti za betri, ni mchanganyiko huohuo uliopewa kazi ya kukata badala ya kupasha. Wino umeleta unyumbufu na wembamba, pamoja na uwezo wa kuchapwa kwa umbo lolote.

Kuhusu uchapaji wenyewe sina mengi. Kwanza wino wenye chembe za madini ya fedha husukumwa kupitia wavu hadi kwenye filamu ya poliesta na kukaushwa ndani ya oveni. Hiyo ndiyo njia ya kuleta umeme. Kisha wino wa masizi huchapwa juu yake. Mwisho hugandishwa filamu nyingine ya kuhami. Kitu kizima kina unene mdogo kuliko wa kadi ya benki na huweza kubandikwa nyuma ya kioo cha pembeni cha gari, ambako hita za wino wa aina hii zimetumika kwa miaka mingi kuondoa barafu na umande.

Sasa tufike kwenye mchoro, ambao ndio unaosahauliwa mara nyingi. Chukua ukanda mrefu wa wino huo na uweke elektrodi moja, yaani kipande cha metali cha kupitishia umeme, kwenye kila ncha. Umeme utapita vipande vyote kwa mfuatano, kwa hiyo mkondo ni mmoja kote. Hapa kanuni inayotawala kila kipande si tena volteji mara volteji, kugawanywa kwa ukinzani. Ni mkondo mara mkondo, mara ukinzani. Kipande kimoja kikipata joto kidogo zaidi ya jirani zake, labda kwa sababu utando wake ni mwembamba au kimefunikwa, ukinzani wake hupanda kuliko wao. Mkondo ukiwa uleule, ukinzani mkubwa humaanisha joto zaidi, na joto zaidi humaanisha ukinzani zaidi. Hatimaye ufito mwembamba, uliokingama njia ya mkondo, hutwaa karibu volteji yote ya saketi, huku pande zake mbili zikipoa. Mkondo wa jumla umeshuka, na mtu anayetazama mita ataona wati chache akaridhika. Lakini wati hizo chache zimerundikana kwenye ufito wa upana wa milimita kadhaa. Ufito huo unaweza kuunguza utando.

Dawa ni kufanya njia ya mkondo iwe fupi na vipande viwe sambamba. Fedha huchapwa kama vidole virefu vinavyopishana, kimoja cha chanya, kinachofuata cha hasi, na wino wa masizi hujaza nafasi ya milimita chache baina yao. Kila eneo dogo la wino sasa limekaa kati ya vidole viwili na linapata volteji ileile na maeneo mengine yote. Likipata moto, ukinzani wake unapanda na nguvu yake inashuka, bila kumwibia jirani volteji yake. Hapo ndipo ile ahadi ya kila kipande kujiangalia kivyake inapotimia. Njia ikiwa fupi, joto nalo husambaa kirahisi kati ya kidole na kidole, na ufito wa moto haupati nafasi ya kujitenga.

Umbali kati ya vidole una nguvu kuliko mtu anavyotarajia. Ukinzani wa utando hutajwa kwa omu kwa kila mraba, kwa kuwa mraba wowote wa utando uleule, uwe mdogo au mkubwa, una ukinzani sawa. Chukua wino wa omu 2,000 kwa mraba, volti 12, na vidole vilivyoachana milimita 10: ikiwa baridi itatoa wati 0.072 kwa kila sentimita mraba. Sogeza vidole viachane milimita 5, wino uleule na volti zilezile, na inakuwa wati 0.288. Umbali umepungua nusu, nguvu kwa eneo imeongezeka mara nne. Fundi wa mchoro anaweza hivyo kuweka joto zaidi pembezoni mwa kioo na kidogo katikati bila kubadilisha chochote ndani ya kopo la wino. Gharama yake ni madini ya fedha zaidi, ambayo ndiyo sehemu ghali, na uwezekano mkubwa zaidi wa vidole kugusana. Vidole vyenyewe vikiwa virefu na vyembamba mno, volteji hupotea njiani na ncha za mbali hubaki baridi.

Kujidhibiti kunaleta pia uvumilivu wa kupendeza. Ukiipa hita ya ukinzani usiobadilika volti 24 badala ya 12, nguvu yake inakuwa mara nne na huenda ikaungua. Hita ya wino mzuri, iliyochapwa sambamba, itapanda nyuzi kadhaa tu kabla ukinzani wake haujafidia. Uvumilivu huo una mpaka, kwa sababu volteji ikizidi sana utando hutobolewa na cheche, lakini ndani ya mpaka huo kosa la betri haligeuki ajali.

Kuna bei ya kulipa wakati wa kuwasha. Wino baridi una ukinzani mdogo, kwa hiyo mkondo wa sekunde za mwanzo ni mkubwa kuliko ule wa kawaida, na kadiri kunavyokuwa na baridi ndivyo unavyozidi. Waya, swichi na chanzo cha umeme lazima vichaguliwe kwa mkondo huo wa mwanzo. Atakayepima hita ikiwa imeshapata moto na kununua fyuzi kwa kipimo hicho atakuta fyuzi inakatika kila asubuhi ya baridi. Upande wa pili wa bei hiyo ni faida: hita hupata moto haraka wakati inapohitajika zaidi. Betri za lithiamu zinanufaika sana. Kuzichaji chini ya nyuzi 0 huacha lithiamu ijipake kama metali juu ya elektrodi, jambo linaloziharibu na kuzifanya hatari, hivyo zinahitaji kupashwa haraka kabla ya kuchajiwa. Wakati huohuo hazivumilii kupashwa kupita kiasi. Utando mwembamba unaojaa umeme kwenye baridi na kujibana kwenye joto unazifaa vizuri.

Kuhusu mwili wa binadamu lazima niwe mkali zaidi. Hita inayotulia kwenye nyuzi 65 ni salama kwa maana kwamba haitawasha moto. Si salama kwa ngozi. Uchunguzi wa Moritz na Henriques, uliochapishwa Marekani mwaka 1947, ulionyesha kwamba ngozi huungua kwenye nyuzi 60 ndani ya sekunde 5 hivi, na hata kwenye nyuzi 44 huungua ikikaa saa 6. Mtu mwenye afya atajisogeza. Mtoto mchanga, mgonjwa aliyelazwa baada ya dawa za usingizi, mtu aliyepooza au mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi hatajisogeza, na hao ndio wanaowekewa mikeka ya joto mara nyingi. Kwa matumizi hayo wino ni kinga ya mwisho tu. Lazima pawepo kihisi na kidhibiti kinachoshikilia halijoto ya ngozi, na tabaka la kutenga ngozi na utando. Mtengenezaji anayeondoa kihisi kwenye kifaa cha mgonjwa kwa hoja kwamba wino unajidhibiti ameokoa pesa mahali ambapo hakupaswa.

Wino pia haujui makosa yasiyo yake. Mkunjo mkali ukipasua kidole cha fedha, mkondo hujisonga kwenye sehemu ya metali iliyobaki na kuichoma; utando wa masizi wa pembeni hauwezi kuizuia. Msumari ukitoboa na kuunganisha chanya na hasi, ni mzunguko mfupi wa kawaida. Unyevu ukipenya chini ya filamu, fedha inaweza kusafiri polepole kutoka kidole kimoja kuelekea kingine kwa msukumo wa volteji, ikiota kama vitawi hadi igusane. Kwa hiyo fyuzi ya kawaida bado inahitajika, na kufunga kingo vizuri kuna uzito sawa na ubora wa wino.

Halafu kuna udhaifu ulio ndani ya wino wenyewe, na ndio ninaoutazama kwanza. Grafu ikishapaa haibaki juu milele. Polima ikiyeyuka kabisa na kuwa laini mno, vishada vya masizi huanza kutembea ndani yake, kukutana upya na kujenga njia nyingine. Ukinzani hushuka halijoto inapozidi kupanda, na hita iliyokuwa inajibana inaanza kujiongezea. Watengenezaji hupambana na hali hiyo kwa kuifunga minyororo ya polima pamoja kwa viungo vya kemikali, ama kwa viambato vinavyoamshwa na joto la oveni au kwa kuupitisha utando kwenye miale ya elektroni. Polima iliyofungwa hivyo bado inatanuka na fuwele zake bado zinayeyuka, lakini haitiririki, na masizi hayapati pa kuzurura. Chembe ndefu kama mirija ya kaboni ya nanomita hazisaidii sana hapa; zimeviringana kiasi kwamba polima ikitanuka bado zinagusana, na kupaa kwa grafu kunakuwa hafifu. Masizi ya kawaida, pamoja na uduni wake, hufanya kazi hii vizuri zaidi.

Kupasha na kupoza mara nyingi nako huacha alama. Fuwele hazirudi mahali palepale kila mara, na ukinzani wa baridi husogea juu au chini kidogo kidogo kwa miaka.

Kwa hiyo anayeletewa hita ya namna hii aagize grafu tatu kabla ya kuuliza bei. Ya kwanza ni ya ukinzani dhidi ya halijoto, na isiishie pale inapopaa: iendelee angalau nyuzi 30 juu ya hapo, ili ionekane kama inarudi chini. Ya pili ni hiyohiyo baada ya hita kuwashwa na kuzimwa mara maelfu. Ya tatu ni picha ya kamera ya joto ya hita nzima ikiwa imefunikwa nusu kwa sponji nene, ikiwa kwenye volteji ya juu kabisa inayoruhusiwa. Kwenye picha hiyo nusu iliyofunikwa itakuwa na joto kidogo zaidi ya ile iliyo wazi, jambo la kawaida. Kinachotafutwa ni mstari mwembamba unaong'aa kuliko vingine vyote, umekingama njia ya mkondo kati ya vidole viwili.